Muzazi wa Goti

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, ikisikika kwamba mwanamke amepasuliwa hospitali na amerudi salama, hakuna anayeuliza amepasuliwa wapi. Ni tumbo, basi. Ndiyo maana siku niliporudi kutoka Bukavu na goti lililoshonwa, nilikuta bamama wa mtaa wamejaa uani kwetu, masufuria yako motoni, na kitanda changu kimetandikwa yale mashuka ambayo mama huyatoa Noeli tu.

Nilishuka garini na magongo yangu, mgongo umechoshwa na mashimo ya barabara tangu Uvira, nikapigiwa vigelegele. Mimi, msichana asiyeolewa, mshambuliaji wa ekipe ya mpira ya wasichana, mwenye makovu ya viwiko na kucha zilizokufa kwa kupiga balo, napigiwa vigelegele vya muzazi, mama aliyetoka kujifungua! Nilicheka mpaka nikayumba. Shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye akiita mtu pwani hata walio ziwani wanageuka, akanidaka kiuno na kuniambia nisicheke hivyo, nyuzi zitafumuka. Nikamwambia nyuzi ziko kwenye goti. Akasema nyuzi ni nyuzi.

Msidhani walikuwa hawajui. Mama alikwisha waeleza karibu wote kwamba ni goti. Ila kwa mtu aliyetoka kupasuliwa walikuwa na utaratibu mmoja tu, wa muzazi, nao waliujua kwa moyo, kwa hiyo wakaniingiza humo mzima mzima. Nikalazwa. Nikaletewa maji ya moto asubuhi na jioni. Nikanyweshwa uji mzito wa karanga, eti wa kuleta maziwa. Nikauliza maziwa ya nani. Wakasema kunywa. Kila mgeni alikuja na kipande chake cha sabuni, mpaka uvunguni pakawa duka. Halafu wakanifunga tumbo kwa kikwembe, wakakaza hadi nikahema, na nilipouliza tumbo langu limekosa nini, shangazi akajibu kwamba halijakosa kitu, lakini kazi ikianzwa inamalizwa.

Aliyetia fora ni jirani yetu, mama mtu mzima aliyeshuka zamani kutoka milimani Bibokoboko, ambaye mpaka leo ndugu zake wa huko juu humtumia samli. Huyu kweli hakuwa ameambiwa habari za goti. Alisikia tu kwamba nimepasuliwa na nimerudi, na kwa adabu yake hakuuliza nimeolewa lini. Aliingia na chupa ya samli na kofia ndogo ya sufu, ya manjano, akaketi, akanipa pole, akanipa hongera, akazungusha macho kitandani, akainua shuka kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini mtoto amelazwa wapi. Mama, kwa aibu, akafunua goti langu, limevimba na limezungushiwa bandeji nyeupe. Jirani alilitazama bila haraka yoyote. Halafu akalivalisha kofia.

"Basi ni huyu," akasema. "Anafanana na baba yake."

Bamama walivunjika mbavu. Mmoja alitoka nje akajishikilia ukutani. Toka siku hiyo goti langu likawa mutoto, na salamu zikawa hizo: mutoto amelala? Mutoto amelia usiku? Hata baba, mwalimu kule Fizi, alipoteremka Jumamosi na mkoba wake wa madaftari, aliulizwa mlangoni kama amekuja kumwona mjukuu wake, akaingia, akakuta goti limevaa kofia, akasimama hapo hajui aweke uso wapi. Nilikuwa na maumivu, kweli, lakini sikumbuki wakati mwingine nilipocheka namna hiyo.

Goti lenyewe liliharibikia hukohuko Fizi kwa baba. Kiwanja chao kimeinamia upande mmoja, na balo ikitoka upande wa chini mnaenda kuitafuta kwenye mihogo ya watu. Niliruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, goti likaingia ndani, na nikasikia mlio wa kijiti kinachovunjwa. Hakuna aliyenigusa. Mashabiki wetu tuliopanda nao wakasema watu wa Fizi wamefukia kitu chini ya goli. Wa Fizi wakajibu kwamba kama wangekuwa na dawa hiyo, wasingekuwa wanafungwa nyumbani kwao. Mimi nilikuwa chini nimeuma nyasi, na hata hivyo jibu hilo lilinichekesha.

Bukavu daktari aliniambia kano ya ndani ya goti imekatika. Alichukua kipande cha kano nyuma ya paja langu mwenyewe akatengenezea nyingine. Lakini aliyenipa sheria ni kine, kijana wa kunyoosha viungo pale hospitali, mpole, mwenye mikono migumu. Siku ya kuondoka aliniketisha, akaniambia goti halingojei. Likilazwa tu linakauka, likikauka linakuwa gumu, na likishakuwa gumu ni kurudi kisuni au kuliacha hivyohivyo. Nilikunje kila siku, polepole, hata kwa machozi. Kipimo chake kilikuwa kimoja: kisigino kiguse tako. Siku kitakapogusa nimpigie simu, ataniruhusu kuanza kukimbia, na balo itafuata baadaye. Kisipogusa, nisahau balo. Mimi nikacheka kwa sababu ya tako. Yeye hakucheka.

Niseme wazi: bila balo mimi sijui ningekuwa nani. Shuleni nilikuwa wa katikati, kanisani sauti yangu wanaivumilia, jikoni mama ananifukuza. Ila nipe balo nikiwa nakimbia na beki mmoja tu mbele yangu, hapo najua kila kitu. Kwa hiyo nilirudi Baraka nimeshika maneno ya kine kama mtu aliyeshika yai.

Sasa tatizo. Muzazi hakunji kitu. Muzazi analala. Muzazi hafagii, hagusi maji baridi, havuki kizingiti. Mama alitandika mkeka wake mlangoni, akawa analala hapo, na kila nilipovuta mguu kidogo chini ya shuka, kitanda kikilia, alikuwa amekwisha simama. "Lala," alikuwa anasema. Hakugomba. Neno ni hilohilo, lala, mpaka nikalisikia hata ndotoni. Nilipojaribu kufika dirishani, magongo yangu yakahamishiwa kwa shangazi, eti yananitia tamaa.

Na bamama nao hawakuchoka. Muuguzi alipokuja nyumbani na kunitoa nyuzi na kidonda kikaanza kukauka, ukazuka ugomvi wa mafuta. Shangazi alisema mguu unakandwa kwa mawese yaliyopashwa moto, hakuna kingine. Jirani wa samli alisema huko juu, hata ndama aliyeteguka mguu anakandwa kwa samli, naye anasimama. Hakuna aliyekubali kushindwa. Mwishowe wakagawana: paja likapakwa samli, muundi ukapakwa mawese, na goti lenyewe, kwa sababu ya kidonda, likaachwa liwe mpaka. Nilinuka jiko zima. Mashavu yalijaa, watu wakasifu mashavu, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, kuna siku nililala pale na bakuli la sombe, majani ya mihogo, na samaki mukeke wa kukaanga nikaona kuzaa goti si jambo baya hata kidogo.

Halafu kine akapiga simu ya video. Akaniambia nikae ukingoni mwa kitanda, niukunje mguu aone. Nikaukunja. Haukukunjika. Nikasukuma kwa mikono, nikatoa jasho, mguu ukabaki mbele yangu umenyooka kama ubao. Kine akaomba kuzungumza na mama. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akaitikia kila neno kwa heshima, ndiyo munganga, asante munganga, Mungu akubariki munganga, akaikata.

"Huyo ni mutoto mwanaume," akasema. "Kupasuliwa anajua nini?"

Hapo hasira zangu zikapanda. Mimi nikikasirika sina breki. Nilipiga kelele kwamba mimi sikuzaa, kwamba hakuna mtoto humu, kuna goti, na goti linakufa, na yeye ndiye anayeliua kwa kulilaza. Uani walisikia. Waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga. Mama aliketi kwenye mkeka wake, akalaza mikono mapajani.

"Mi nilipasuliwa juu ya kukuzaa," akasema. "Kule ng'ambo, kambini."

Nilijua nimezaliwa kambini, Tanzania, miaka ile watu walipokuwa wamevuka ziwa kukimbia vita. Yaliyobaki sikuwa nimewahi kuambiwa. Alinieleza bila kuinua sauti. Mama yake na dada zake walikuwa wamebaki upande huu, baba alikuwa anazunguka kutafuta chakula, na yeye akarudishwa kutoka hospitali ya kambi na kidonda na mimi. Hapakuwa na mtu wa kumpashia maji wala wa kumpikia uji. Akanyanyuka mapema mno, akaenda bombani na bidoni la maji, na kidonda kikafunguka njiani. Kilipona, lakini kilipona vibaya, na baada yangu hakukuwa na mtoto mwingine.

"Hakuna muntu aliniambia lala," akasema. "Ni hiyo tu nilikosa. Muntu moja wa kuniambia lala."

Nililia. Nilishuka kitandani kwa makalio mpaka mkekani, mguu wangu wa ubao mbele, nikaweka kichwa begani kwake, naye akanipangusa kamasi kwa kikwembe kilichonifunga tumbo. Nilimpenda siku ile hadi kifua kikaniuma. Na goti bado lilikuwa linakufa. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuwa na uso wa kumwambia tena la pili.

Aliyetuokoa ni sheria yenyewe ya muzazi. Asubuhi moja shangazi alikuwa ananikanda kwa kitambaa cha moto, kuzunguka kidonda, na gamba la mwisho likabaki kitambaani. Alilitazama. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akalitazama tena. Kisha akatangaza, bila hata chembe ya utani usoni, kwamba kitovu kimeanguka.

Mtakumbuka nani alianza mchezo huu wa mutoto. Sasa ulikuwa umekwisha kuwa katiba. Kwetu kitovu kikianguka, mtoto anatolewa nje. Hakuna anayemzuia ndani, hata mama mzazi. Bamama waliitana, wakapita kitandani mmoja mmoja wakikagua kovu langu kwa midomo iliyobanwa, na wote wakakubali kwamba kimeanguka na pameota safi. Mama akasema tungoje kidogo. Shangazi akamuuliza, mbele ya watu, ni wapi ameona kitovu kinaanguka na mtoto anaendelea kufungiwa. Mama alinitazama, akamtazama shangazi. Ni yeye mama aliyetaka nifanyiwe yote ya muzazi, bila kuruka hata moja. Akaenda mwenyewe kutandua mkeka mlangoni.

Nilitolewa juani kwa nyimbo. Magongo yalirudishwa, nikateremshwa hadi pwani nikiwa na kikwembe kipya, bamama mbele, bamama nyuma, na wavuvi waliokuwa wanaanika nyavu wakauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Jirani wa samli akajibu kwamba ni goti, na lina afya. Niliingia ziwani hadi kiunoni nimeshikwa huku na huku, maji yakaubeba mguu wangu, nikapiga makelele ya furaha kama mwehu.

Na tuliporudi ndipo nilipojiona mjinga. Kwa sababu mtoto akishatolewa nje, kwetu, kila asubuhi baada ya kuogeshwa ananyooshwa. Mikono inakutanishwa kifuani, na miguu inakunjwa, mmoja mmoja, mpaka kisigino kiguse tako, ili akue na viungo laini. Nimeona hilo tangu nipate akili. Kila mwanamke pale uani alikwisha kulifanya kwa kila mtoto aliyempata mikononi. Na mimi nilikuwa nimetazama ukuta wiki zote hizo nikimlilia kine wa Bukavu!

Shangazi akanilaza kifudifudi, akashika mguu. "Leta mutoto," akasema, "tumunyooshe."

Nilimpigia kine kwanza, maana nami si kichaa. Alitazama kwenye simu, akawakataza wasiusokote pembeni, akawaambia wafanye baada ya maji ya moto, waache nikisema basi, na warudie kila siku. Bamama wakampenda papo hapo, wakamuuliza kama ameoa.

Ikawa ni kazi ya kila asubuhi, na nyimbo za watoto juu yake. Nafasi iliyobaki kati ya kisigino na tako waliipima kwa vitu. Mwanzo ilipita sufuria. Ikaja bakuli. Ikaja kikombe, na siku kikombe kilipokwama tulikunywa soda kushangilia. Mwisho ikawa kipande cha sabuni, na sabuni tulikuwa nazo. Mama hakuwepo hata mara moja. Saa ya kunyooshwa ikifika alikuwa anajitwisha beseni lake la ndagala, dagaa zake za kuuza, na kuelekea sokoni, hata kama soko bado halijajaa.

Kwenye sabuni tukakwama. Kila siku sabuni ilipita. Shangazi alivuta pumzi, akasukuma kidogo, nikasema basi, sabuni ikapita. Nilimwuliza kine. Alisema kwa upole kwamba kuna magoti yanayoishia hapo, na wasilazimishe. Siku hiyo sikucheka. Bamama waliona, wakaacha kuimba, na mimi nikabaki na uso wangu ndani ya mkeka nikifikiria wenzangu walioko kiwanjani na jezi yangu ambayo angeivaa mwingine.

Nikasikia beseni linatuliwa. Mama alikuwa amerudi, ndagala bado zimejaa. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena kuondoa harufu, akamwambia shangazi asogee. Akaketi nyuma yangu. Hakusukuma. Alishika tu kifundo cha mguu wangu kwa mkono mmoja, na mwingine akauweka nyuma ya paja, pale walipokata.

"Hii muguu," akasema, "wa kwanza kuikunja ni mi. Mi mwenyewe nimelala ubavu, nashika kidonda, nakukunja. Peke yangu."

Alikaa hivyo. Nilisikia pumzi yake, na bila kujua nikaanza kupumua pamoja naye. Sijui nilichokuwa nimekishika muda wote ule ndani ya mguu wangu, lakini nilikiachilia. Mguu ulikuja wenyewe. Kisigino kikagusa.

Bamama walipasua anga. Mtu alinimwagia maji, mtu akampigia kine, shangazi alikuwa anacheza peke yake katikati ya ua, na mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi na vumbi usoni. Mama hakupiga vigelegele. Aliacha kiganja chake juu ya kisigino changu muda mrefu, kisha akakiondoa.

"Sasa nimemaliza kukuzaa," akasema. "Amuka, ukimbie."

Akaingia ndani mwenyewe kunitafutia viatu.